Mzunguko wa Ishirini na Tano

Jumatatu saa mbili asubuhi mpiga kengele alibeba kiti chake cha plastiki, akakiweka kando ya mstari wa kumalizia, akamngoja binti yake apite. Binti akapita. Alimpa chupa ya maji, naye akayanywa hukohuko mbioni, akaitupa chupa karibu na shimo la mchanga la warukaji, kama kawaida.

Huu ulikuwa mwaka wa ishirini na saba anakimbia. Uwanja ulikuwa umetandikwa sakafu mpya mara mbili, na mafundi walikwenda naye hivyohivyo: akipita wanabandika, akirudi wanampisha. Mkata majani alizima mashine kila akikaribia, asimrushie vumbi. Namba kifuani ilikuwa imefifia na kichwa kimeingia mvi, lakini mwendo ulikuwa uleule.

Kosa lilikuwa la baba, na hakuwahi kulikana. Ilikuwa mashindano ya tano ya riadha ya bara, fainali ya wanawake ya mizunguko ishirini na mitano. Yeye alipewa kazi mbili tu: kubandua karatasi ya namba ya mizunguko iliyobaki kila wakimbiaji wanapopita, na kupiga kengele ukibaki mzunguko mmoja. Zikiwa zimebaki karatasi tatu, binti yake akachomoka mbele. Mzazi ni mzazi jamani! Kwa furaha akabandua karatasi mbili kwa mpigo, akaigonga kengele mzunguko mmoja kabla ya wakati. Wengine wakatimua mbio, wakavuka mstari, wakajitupa kwenye nyasi. Binti hakubabaika. Baba huyohuyo ndiye aliyemfundisha tangu utotoni: hesabu mwenyewe, mwanangu, usimtegemee mtu. Akaukimbia mzunguko wa ishirini na tano peke yake, akafika mstarini, akakuta majaji wameshakunja karatasi zao wanakunywa soda.

Sasa, kanuni inasema mkimbiaji hajamaliza mpaka jaji amwandike. Hakuna aliyemwandika. Akaendelea kukimbia.

Mwaka huu chama cha riadha kilikuwa kinatoa kitabu cha historia ya mashindano hayo. Mpiga kengele akaona mlango umefunguka: akiandikwa mle, mtoto atasimama. Alipiga pasi shati, akapanda ngazi hadi ofisi ya katibu, juu ya jukwaa kuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Yule anayekimbia? Anaendeleaje?"

"Magoti yanamsumbua."

"Pole yake." Katibu akafunga jalada. "Mzee wangu, nani asiyejua habari ile? Lakini nikiandika kwamba kengele ilipigwa mapema, maana yake mshindi hakumaliza mbio. Na mshindi ndiye mwenyekiti wetu leo. Nitamtazamaje usoni? Yaliyopita si ndwele."

"Hayajapita. Chungulia dirishani."

Katibu akachungulia. Binti alikuwa anaingia kona ya pili.

"Haya," alisema katibu, na kwa kweli alikuwa na huruma. "Atakuwemo kitabuni. Neno langu hilo."

Mzee alishuka ngazi mbilimbili. Alipitia dukani akanunua taulo zito na kandambili za saizi ya binti yake, maana mtu akisimama baada ya miaka ishirini na saba atatoka jasho, na miguu itavimba. Wiki saba nzima furaha ilimkosesha usingizi.

Kitabu kilipotoka alikisomea palepale kwenye kiti, tangu ukurasa wa kwanza. Penye mashindano ya tano palikuwa na picha ya mwenyekiti akiwa msichana, medali shingoni, na majina matatu. Akafunua. Akaendelea kufunua. Ukurasa wa sitini na moja ulieleza uwanja wenyewe: viti elfu kumi na nane, minara minne ya taa, vyoo kumi na viwili, mkimbiaji mmoja. Katibu alikuwa ametimiza neno lake.

Baba na binti walizungumza sentensi moja kila mzunguko, ndivyo walivyozoea.

"Wameniandika, baba?"

Mzee alisubiri mpaka binti alipozunguka tena. "Wamekuandika."

Mzunguko mwingine. "Ukurasa gani?"

"Sitini na moja," alimjibu aliporudi.

Mzunguko mwingine. "Nimekuwa wa ngapi?"

Mzee alikuwa na karibu dakika mbili za kutafuta uongo. Lakini alishamdanganya mara moja kwa kengele bila kukusudia, na mara moja ilitosha.

"Umekuja baada ya vyoo," alimwambia alipopita.

Binti hakugeuza kichwa. Alipita mbele ya jukwaa kuu, chini ya dirisha la katibu, akaingia kona, akarudi.

"Maji, baba."

Akampa chupa. Kisha akalitoa lile taulo kwenye mfuko wake, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kiti, akalikalia.