Zimwi wa Upande Wetu

Fundi wa meno alifika saluni mapema siku hiyo, akapanga meza, akaipangua, akaipanga tena. Mdogo wake alikuwa ameahidi kuja kucheza, na alikuwa ameahidi vilevile kwamba akitoka hapo anasafiri, wala harudi leo wala kesho.

Asiyeujua mchezo wenyewe asitishike. Jirani mmoja wa saluni aliwahi kuuliza kama kile ni kikundi cha maombi, maana alisikia watu wazima wakipiga kelele "Tuokoe!" nyuma ya pazia. Ni mchezo wa hadithi na dadu tu. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, mwenye upanga au uganga wake, na husema mtu huyo anafanya nini. Mmoja wao ndiye msimulizi: yeye hubuni nchi, mvua, wenye nyumba, wezi na majoka, na huwasemea wote. Likitokea jambo lisilo na hakika, dadu linaamua. Msimulizi wa meza hii alikuwa fundi wa meno, na kila Jumatatu alasiri, wateja wakiwa wachache, walikutana chumba cha nyuma cha saluni: yeye, kinyozi mwenye chumba, na mwalimu wa kemia.

Kazini alikuwa akitengeneza meno ya bandia, na masalio ya jasi hakuyatupa. Aliyachonga yakawa sanamu ndogo za mezani. Mashujaa walitoka wa kawaida tu, lakini mazimwi! Mazimwi walipangwa meno kitaalamu, kila gego mahali pake, hata mwalimu akawa analalamika kwamba mazimwi wana vinywa vizuri kuliko chake.

Mazimwi hao walikuwa na desturi moja. Kabla zimwi hajapiga, huvua kwanza bangili yake ya shaba, taratibu, akaiweka chini kwa adabu. Ndipo anapiga. Kinyozi aliipenda mno desturi hiyo. "Akivua bangili, kimbia," alikuwa akisema huku akicheka. Tena kulikuwa na sheria: zimwi akibaki karibu na mtoto au mnyonge, dadu lenye pande ishirini hurushwa. Likija tano au chini yake, damu yake imechemka, na aliye karibu anapigwa. Zimwi mwema hakuwepo. Ukimwona unamuua, mnaendelea na safari.

Alhamisi iliyotangulia, mdogo wake alikuwa amemfuata kwenye maabara ya meno, bado amevaa ovaroli ya gereji, akasimama kati ya mashine ya kung'arishia na beseni la jasi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Dada, nimepata kazi kwenye kambi ya barabara, mbali. Lori linaondoka Jumatatu jioni. Nitakuwa natuma matumizi."

"Na mtoto?"

"Ndiyo maana naenda."

Kisha akamweleza. Walikuwa wamekorofishana na mkewe kwa jambo dogo, ufunguo wa geti haukuonekana. Sauti zikapanda. Mara akaona saa yake iko mezani, na hakukumbuka kuivua.

"Sikumpiga, Dada. Lakini saa ilikuwa mezani."

Fundi wa meno hakuhitaji kuambiwa zaidi. Baba yao alikuwa na saa ya mkanda wa chuma, naye alikuwa mtu wa utaratibu: aliivua kwanza, akaiweka mezani isije ikakwaruzika, ndipo akawageukia. Wao wawili waliujua mlio wa ule mkanda kabla ya kujua kusoma. Na sasa huyu, mwenye kidevu kilekile na sauti ileile, alikuwa ameamua kwamba usalama wa mwanawe ni yeye kukaa mbali. Dada mtu alimsihi, akamkaripia, akamlilia. Alichoambulia ni ahadi kwamba atapita kwanza mchezoni, wakae pamoja kidogo kabla ya lori.

Basi alikuja kweli, begi mgongoni. Kinyozi akamvutia kiti cha wateja, kile kinachozunguka.

"Karibu, mdogo wetu. Chagua mtu wako. Tunakosa mpiga mishale, yule wa kwanza alikufa kwa uzembe wa mwalimu."

"Alikufa kwa ubishi wake mwenyewe," mwalimu akasema.

Mdogo mtu hakuwatazama mashujaa. Alinyoosha mkono upande wa pili wa meza, akaokota zimwi.

"Namtaka huyu."

"Huyo hachezwi," kinyozi akasema. "Huyo anauawa."

"Nani kasema?"

"Dada yako! Muulize."

Fundi wa meno akaanza kuzipanga upya sanamu. Mwalimu akamwokoa, au alidhani anamwokoa. "Mimi naona acheze. Kwani mtoto wa zimwi aliyezaliwa asubuhi hii ameshamkosea nani?"

"Asubiri akue, utaona."

"Hiyo si hoja, ni uchuro."

"Sawa, ni uchuro. Lakini zimwi akiwa mwema, sisi tumwogope nani? Kila adui tumkalishe chini tumhoji, kama amekuja kuomba kazi?" Kinyozi alicheka peke yake, kisha kicheko kikamwishia. "Halafu nisikilizeni. Miaka yote hii nimekata vichwa vya mazimwi mpaka upanga wangu ukapewa jina. Leo mnaniambia mmoja wao anaweza kuwa mwema. Basi wale wengine walikuwa nani? Na mimi nilikuwa nani?"

Ni swali la haki, na wanaoshabikia mazimwi wema huwa wanalirukia juu juu. Hata mwalimu, mtu wa majibu, alijikuna sikio.

Mdogo mtu ndiye aliyejibu, bila kumtazama yeyote. "Hujawahi kumwona zimwi akichezwa?"

"Hata siku moja."

"Kila Jumatatu unamwona. Dada ndiye anayewacheza. Anawasemea, anawangurumia, anawavua bangili." Akaigeuzageuza ile sanamu kiganjani. "Nilikuja mara moja kukaa tu, mwaka jana, mnakumbuka? Nilipoiona hiyo bangili sikurudi tena. Dada, ile si saa ya Baba?"

Fundi wa meno aliokota zimwi mwingine mezani, akaitazama bangili yake. Hakuwa amejua. Naapa kwa niaba yake, hakuwa amejua. Alidhani bangili ameibuni, akajisifia ubunifu. Kumbe kila Jumatatu alikuwa akiiweka saa ya baba yake juu ya meza ya rafiki zake, nao wakicheka. Aliona aibu. Kisha hofu ikaizidi aibu, maana sheria ya damu nayo aliitunga yeye, na mdogo wake alikuwa amekuja kuhukumiwa nayo.

"Acheze," akasema.

"Na sheria ya kuchemka?" kinyozi akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Inabaki," mdogo mtu akasema upesi. "Sitaki upendeleo."

Hapo dada mtu akaelewa kwamba kwa huyu haukuwa mchezo. Alikuwa anapiga ramli.

Na bahati mbaya ilikuwa imeshawatangulia. Wiki iliyopita hadithi waliiachia ndani ya banda la mbuzi, mashujaa wakiwa wameokoa kitoto kichanga kijijini palipoteketezwa. Fundi wa meno angetoa chochote kile kitoto kisiwepo. Angeweza kumleta shangazi wa kukichukua, lakini mwalimu alikuwa ameshakichonga kwa kipande cha kifutio na amekilaza mbele yake, anakiita mjukuu. Basi akachelewesha. Akaleta mvua. Akaleta walinzi waliopotea njia. Akamleta mchuuzi wa kamba aliyesema sana, hata kinyozi akaomba ruhusa ya kumnyonga kwa kamba zake. Kila alipoangalia, mdogo wake alikuwa anamngoja.

Mwishowe mchuuzi naye akaishiwa maneno. Mwalimu akasema mtu wake anatoka kutafuta maziwa. Kinyozi akasema wake anakwenda kulinda lango.

"Nani anabaki na mtoto?" mwalimu akauliza.

"Mimi," mdogo mtu akasema, na akanyoosha mkono achukue dadu.

Pale mezani dadu hurushwa kwenye trei ya bati ya vitana, wazi, kila mtu akiona. Kudanganya hakuwezekani. Fundi wa meno alilitazama likigonga ukingo, likizunguka, likisita. Likatulia kwenye tatu.

Kinyozi, ambaye siku nyingine angeruka kwa furaha, aliminya midomo. "Amechemka," akasema, kama mtu anayetoa pole.

Zamu ilikuwa ya msimulizi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, maana alikuwa ameyasema mara zisizohesabika: zimwi anavua bangili yake. Akaisukuma trei ya dadu kando.

"Sema, Dada," mdogo wake akasema. Uso ulikuwa umemwiva. "Sema tu, tujue moja."

"Sisemi."

"Ni sheria yako!"

"Wale wengine wote niliwasemea mimi," akasema. "Niliwasemea kwa sababu sikujua mwingine wa kumwiga. Huyu ni wako. Dadu limesema damu imechemka, basi imechemka. Mkono unafanya nini, utasema wewe."

Mdogo mtu aliitazama sanamu. Huko mbele ya saluni mtu aligonga kioo, akaona hakuna wa kumfungulia, akaondoka.

"Amevua bangili," akasema hatimaye.

Mwalimu alikifunika kile kipande cha kifutio kwa kiganja, pasipo kujijua.

"Ameivua. Ameiona iko chini, na hajui ameivua saa ngapi. Anaogopa." Akaisogeza sanamu taratibu. "Anamlaza mtoto kwenye majani. Anatoka nje kwenye mvua. Anakwenda langoni kwa yule mwenye upanga."

"Kwangu?" Kinyozi akashtuka. "Nimemuulia ukoo mzima huyo! Anakuja kwangu kufanya nini?"

"Anamwambia, nimechemka. Ingia wewe ukae na mtoto. Mimi nitakaa huku mpaka nipoe."

Kinyozi alimwangalia fundi wa meno, akingoja apewe ruhusa au akatazwe. Hakupewa lolote, fundi wa meno alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, machozi yanamchuruzika wala hayafuti. Basi kinyozi akaisogeza sanamu yake mwenyewe, kutoka langoni mpaka ndani ya banda.

"Naingia," akasema. Akafikiri kidogo. "Akipoa abishe hodi. Nitamfungulia."

Mdogo mtu alisimama. Saa ya lori ilikuwa imewadia, kila mmoja alijua, na dada yake hakuthubutu kumuuliza. Alimwona akipita pazia na simu mkononi, akisimama peke yake katikati ya vioo. Akamfuata mpaka kwenye pazia, asiende mbele zaidi.

"Mimi," alikuwa akisema kwenye simu. "Hapana, siko kwenye lori. Siendi." Akasikiliza, mkewe akiongea kwa kirefu. "Hapana, mke wangu, sijapona, nani amekwambia nimepona? Sikiliza. Nikichemka nitatoka nje. Nitampigia Dada, aje akae na nyinyi. Na nisipotoka, nifukuze, upige kelele majirani waje, usinionee haya."

Akasikiliza tena. Fundi wa meno alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, kwenye kioo akimwona mdogo wake akifumba macho.

"Ndiyo, naogopa," akasema. "Naogopa sana. Nakuja hivyo hivyo."