Duara la Chaki

Kija hakuwa mtu wa kumkaribisha mgeni mwenye karatasi. Mara ya mwisho kuandikishwa pale mwaloni kwao, ufukwe wa wavuvi upande wa Magu, waliambiwa ni majina ya vyandarua vya mbu. Wiki mbili baadaye orodha ileile ikaonekana mikononi mwa watu waliokuja kusaka makokoro, nyavu zilizopigwa marufuku. Tangu hapo, mtu akishika kalamu mbele yake, Kija alimtazama mkono kwanza, uso baadaye.

Kwa hiyo binti aliyejiita Precious, mtafiti kutoka chuo kikuu, alipobisha hodi saa tano asubuhi, hakupewa kiti upesi. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba kavukavu. Akaonyesha barua yenye mhuri wa kijiji. Kija akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine. Binti akatoa kipande cha sabuni cha shukrani. Kija akakiacha palepale mkekani kana kwamba kitamuuma. Utafiti ulikuwa wa afya ya kina mama, na ndivyo wanaume walivyotangaziwa mkutanoni. Ila walipobaki wawili, mlango umerudishwa, binti akaeleza sawasawa: yalikuwepo maswali ya kupigwa nyumbani. Asiyetaka asijibu. Jina haliandikwi, ni namba tu.

"Na mume wangu akikuuliza?"

"Nitamwambia tumeongea habari za presha na uzazi. Hata mwenyekiti hatajua, mama."

Labda ni kwa sababu Mashimba, mume wake, alikuwa ameenda Magu mjini na asingerudi kabla ya magharibi. Labda ni vile binti hakumharakisha. Kija, ambaye hata kwa dada yake wa Buhongwa alisema aliteleza kwenye mawe, akanyoosha mkono wa kushoto na kuonyesha pale mfupa ulipounga vibaya. Akasema nani aliuvunja, na kwa kitu gani. Akasema pia alichoahidiwa siku atakapofungua mdomo: kwamba safari hiyo hautakuwa mkono. Alipomaliza alijisikia mwepesi, na wepesi wenyewe ukamtia hofu papo hapo.

Precious akashukuru, akatoka, akachomoa chaki mfukoni na kuandika mlangoni. Hilo halikumshtua Kija. Wa sensa waliandika, wa kupuliza dawa ya mbu waliandika. Mlango usio na chaki kijijini pale ulikuwa wa mtu aliyehamia jana. Akaenda kugeuza dagaa wake kwenye chanja. Aliporudi alasiri ndipo alipoona vizuri: namba 14, na duara limeizunguka.

Duara la nini? Akatazama kwa jirani: 13, haina duara. 12, haina. Akajifunga khanga, akajifanya anakwenda kuomba chumvi. Namba 9, kwa Mwanvua, ambaye watoto wake hulala kwa watu baba yao akilewa: duara. Namba 20, kwa Selina aliyeng'oka jino mwaka jana bila kuugua jino: duara. Alipofika ya ishirini na sita hakuhitaji tena kuambiwa, ila alihesabu hadi ya mwisho. Maduara manane katika nyumba thelathini na moja, na kila moja kwenye nyumba ambayo mwenyeji yeyote, akifikiri dakika mbili tu, angejua kwa nini. Mashimba asingehitaji hata hizo dakika mbili. Yule alikuwa mtu wa kukagua nyayo uani kila anaporudi.

Alimkuta Precious kibarazani kwa mwenyekiti wa kitongoji, anafunga begi, na Teodora, mke wa mwenyekiti, yuko ndani anachemsha chai. Akamvuta binti hadi ubavuni mwa nyumba, chini ya dirisha.

"Duara ni la waliosema ndiyo," alisema. Hakuwa anauliza.

Precious alieleza, sauti ikimpungua kila neno. Ilikuwa alama yake, ili kesho akirudi na mshauri wa kina mama wanaopigwa asihangaike kutafuta nyumba. Walifanya hivyohivyo kwenye utafiti wa vyoo, nyumba isiyo na choo ikachorewa duara, na hakuna aliyeumia. Fomu zote alizifungia kwenye sanduku la kufuli. Alilinda karatasi, milango hakuiwaza. Macho yamemjaa machozi, akatoa leso akafute.

"Ukifuta utaacha doa," Kija alisema. "Milango minane iliyofutwa, wataulizana imefutwa nini. Lete chaki."

Alikuwa na hasira, na nusu yake alijikasirikia mwenyewe kwa kuuamini uso siku moja tu. Akavunja chaki vipande viwili. Binti achore upande wa ziwani, yeye upande wa barabara, na jua lisizame hata mlango mmoja ukiwa hauna duara. Waliouliza waliambiwa ni nyumba zilizokwisha kuhojiwa, mtafiti alisahau. Wakaamini, kwani walishazoea kuchorewa milango.

Wakakutana kwa mwenyekiti, namba 31, ya mwisho. Kija aliinua mkono, na hapohapo akamwona Teodora amesimama mlangoni na kikombe. Dirisha lilikuwa wazi muda wote. Mume wa huyu na Mashimba walikuwa hawaachani. Neno moja la mezani lingetosha.

"Mimi nilimjibu hapana," Teodora alisema.

"Ni la kuficha tu, dada. Kila mlango."

Teodora akaangalia barabarani, kisha ile namba. Akaweka kikombe chini. Akachukua chaki mkononi mwa Kija, akachora duara mwenyewe, polepole, na kulifunga vizuri pale mwisho ulipokutana na mwanzo. Precious akafungua mdomo aseme kitu. Kija akamkanyaga mguu.

Mashimba alifika jua linazama. Hakusalimu. Alisimama mlangoni, akapitisha kidole kwenye chaki, akauliza hilo duara ni la nini. Kija, ambaye alikuwa ananawa chaki mikononi, akasema ni nyumba zilizokwisha kuhojiwa, wamechora kote. Na sabuni hiyo mpya? Wamegawa kote pia. Mashimba akamtazama vidole kimoja kimoja, kisha akatoka. Kija akasikia viatu vyake vikienda hadi kwa jirani, vikisimama, vikienda tena. Akasonga ugali uliokwisha kuiva, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Alikawia. Aliporudi alikaa, akavuta sahani.

"Hata kwa mwenyekiti lipo," alisema, kama mtu aliyepunjwa.

"Hata kwa mwenyekiti," Kija akajibu, na hilo halikuwa uongo.