Gitaa Lililozeeshwa Kiwandani

Kila asubuhi, kabla hata chai haijamiminwa, mzee alimuuliza binti yake gitaa lake liko wapi, na kila asubuhi binti alimjibu kwamba liliungua. Liliungua pamoja na vyombo vyote vya bendi, siku ukumbi waliokuwa wakipigia ulipowaka moto, yeye mwenyewe akiwa kitandani na homa. Mzee aliipokea habari hiyo kama mtu anayepewa taarifa ya msiba. Mdomo ulimlegea, akashika kichwa, machozi yakamtoka. Kufika mchana alikuwa ameshasahau, ila huzuni ilibaki mwilini bila mwenyewe kujua imetoka wapi, akazunguka uani akiburuza kandambili.

Binti yule alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, ili mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja, sikio liwe kwa baba. Alishajaribu kumdanganya. Alisema gitaa liko kwa fundi. Mzee akataka kupelekwa kwa fundi. Alisema limeazimwa na rafiki. Mzee akavaa viatu. Uongo ukamchosha kuliko ukweli.

Mteja mmoja ndiye aliyemwambia kuna kijana wa benki, mtaa wa pili, anahama na anauza vitu vyake, na kati ya vitu hivyo lipo gitaa la umeme. Msusi akaenda na picha ya ujana wa baba yake: mwembamba, suruali pana chini, gitaa jekundu limemlalia tumboni, rangi imechunika pale mkono ulipokuwa ukisugua mwaka nenda, mwaka rudi.

Lile lililotolewa kabatini lilimfanya atafute kiti. Lilikuwa jekundu lililofifia, mbao iko wazi pale juu, vyuma vimeingia kutu, nyuma pamejaa mikwaruzo.

"Lilikuwa la nani hili?" aliuliza.

"Langu. Nililinunua jipya."

"Jipya? Na lilivyochoka hivi?"

Kijana wa benki akacheka kwa aibu. "Limezeeshwa kiwandani, dada. Wanakwangua rangi, wanatia kutu kwenye vyuma, wanalichubua. Si unaona zile suruali zinazouzwa zimeshachanika magotini?"

"Yaani mtu analipia uchakavu?"

"Tena analipa zaidi. Mimi nilisema nitajifunza. Vidole viliuma, nikaliweka."

Hawakuvutana sana kwenye bei. Msusi alilibeba mgongoni mchana kweupe, moyo mwepesi, akijisemea kwamba leo hakuna kulia.

Mzee alikuwa anaota jua. Alipowekewa gitaa mapajani, mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe shingoni mwa gitaa, vidole vikajipanga kwenye nyuzi kama watoto wanaojua nafasi zao za kulala. Akatabasamu. Msusi akageuka pembeni kufuta macho.

Alipogeuka tena, tabasamu lilikuwa limekwisha. Mzee alikuwa amelipindua gitaa, anapapasa nyuma yake.

"Huyu alivaa mkanda wenye chuma kikubwa," alisema.

"Huyu nani, baba?"

"Mwenyewe." Akaligeuza, akaupachika mkono wake juu yake. "Tena ni mfupi. Tazama. Mkono wake unaangukia hapa, wangu unakuja huku. Mtu kalipiga hili mpaka limekuwa ubavu wake." Akainua macho. "Umelipata wapi, mama?"

"Nimelinunua."

"Kwa huyo mwenyewe?"

"Kwa kijana mmoja wa benki."

"Kijana ameanza lini kupiga mpaka mbao ikaisha namna hii? Mtu hauzi kitu kama hiki akiwa na akili zake. Kaibiwa huyu."

Msusi akapiga magoti, akamweleza yote: kiwanda, kutu, suruali za kuchanika. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye sukari midomoni anayesema hajagusa kopo.

"Kiwanda cha kuzeesha," alisema polepole. "Mwanangu, hata kudanganya hujui."

Ajabu ni kwamba mzee huyu, ambaye kijiko kikitoka mdomoni alisahau kama amekula, jambo hili hakulisahau. Lake mwenyewe hakuliuliza tena. Sasa aliuliza la yule mtu limerudishwa lini. Msusi akilificha, mzee alilia kwamba limeshauzwa. Alisimama mlangoni mwa saluni, shati limefungwa kombo, akawaambia wateja: "Nisaidieni jamani, binti yangu ana gitaa la mtu." Wateja walicheka. Lakini siku moja msusi aliona, kwenye kioo, mteja akiuokota mkoba wake sakafuni na kuupakata.

Ndipo alipomrudia kijana wa benki, kabla hajahama, akamwomba aje ajifanye ndiye mwenye gitaa. Kijana alimhurumia, akaja.

Mzee alisimama kwa shida, akamshika mikono yote miwili. "Nisamehe, ndugu yangu wa kazi," alisema. "Sikumlea hivi. Mama yake naye hakumlea hivi. Sijui amelitoa wapi hili la udokozi."

"Yameisha, mzee," alisema kijana. "Limepatikana, tumshukuru Mungu."

Mzee alikuwa bado hajaiachia mikono yake. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto wa kijana, kimoja baada ya kingine. Zilikuwa laini kama sponji. Akaiachia ile mikono, akamgeukia binti yake.

"Huyu hajawahi kushika waya hata mmoja," alisema. "Umemlipa ngapi?"

Kijana aliangalia viatu vyake. Msusi akamwambia achukue gitaa aende nalo, akitaka alitupe. Kijana akaondoka nalo.

Tangu siku hiyo mzee hakumwita tena "mama". Alikula alichopewa, aliogeshwa, alivalishwa, lakini kama mgonjwa mbele ya muuguzi asiyemwamini. Akisikia hatua zake, alificha miwani chini ya shuka.

"Fungua ngumi, baba, nikutie sabuni."

"Hapana."

"Kuna nini humo?"

"Changu."

Ilikuwa saa yake ya mkono, iliyosimama zamani.

Kifua kilimbana wakati wa baridi, na kikamchukua upesi. Msusi alikuwa kwenye kichwa cha mteja aliposikia kikohozi kimekatika. Alikimbia na chanuo mkononi. Mzee alikuwa ameelekea ukutani, na binti alipomgeuza, uso haukumwambia kitu.

Wanawake waliokuja kusaidia walipoinua godoro, walikuta vijiko, kitana, kipande cha sabuni, betri za redio na miwani, vyote vimefungwa kwenye fulana.

"Maskini," alisema shangazi, dada wa marehemu, akitikisa kichwa. "Hivi vyote alikuwa anamficha nani? Uzee huo."

"Ndiyo, shangazi," alisema msusi. "Uzee."

Akavikusanya vile vijiko, akaenda navyo uani kuviosha, kwa maana watu walikuwa wanaanza kuingia na vya jikoni visingetosha.