Fundi wa Waifai Nje ya Usinge

Walimkuta Benjamini juu ya ngazi, waya mkononi, wakamshusha kwa fimbo za miguu. Alianguka mzima mzima kwenye sakafu ya zahanati. Fimbo zilizofuata hakuna aliyezihesabu.

Kosa lake ni la mtu wa mjini. Alitoka Tabora kwa pikipiki, akafika saa nane mchana, akapokea funguo na kishikwambi cha kazi kutoka kwa nesi Pelagia aliyekuwa akiwahi gari la Kaliua, kisha akapanda darini moja kwa moja. Hakupita kwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, kujitambulisha. Na wiki hiyohiyo wezi walikuwa wameng'oa paneli za sola za zahanati! Eustadia, mke wa kamanda, alikuwa akipalilia karanga ng'ambo ya barabara. Alipoona miguu ya mgeni inaning'inia kutoka darini, akapiga mwano, ule ukelele wa hatari, na ukipigwa huko watu hawaulizi jambo, wanakuja na fimbo.

"Shikamoo, mzee," Benjamini alimwambia kamanda, damu ikimtoka puani. "Mimi fundi. Nafunga waifai ya zahanati."

Kamanda Lugembe hakuitikia marahaba. Aliikanyaga simu ya Benjamini mpaka ikapasuka, na kijana mwingine akaukanyaga mkono wake wa kulia. Vidole vilivunjika kwa sauti aliyoisikia yeye mwenyewe. Walimpigia nesi mara tatu, hapatikani. Njia ya Kaliua ina msitu, na msituni hakuna mtandao. Mtu mmoja alikwishatoka nje kufyonza petroli ya kumchomea kwenye pikipiki yake. Benjamini aliogopa kufa, tena kufa kijinga, kwa waya wa mita kumi.

"Subirini," akasema Lugembe. "Kama ni fundi kweli, hiyo waifai ifanye kazi hapahapa mbele yetu. Ikikataa, tunammaliza."

Kwa mkono wa kushoto, huku analia waziwazi, Benjamini alichomeka waya wa kifaa kipya cha waifai kwenye fayawoli, kile kisanduku cheusi kinachochuja kila kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wa zahanati. Betri za sola zilikuwa bado na chaji kidogo; taa ikawa ya kijani. Akamtajia kamanda nywila. Simu ya Lugembe ikashika waifai vizuri, lakini Wasapu ikazunguka, ikazunguka, isifunguke.

"Mwongo!" watu wakapiga kelele. Rungu likamshukia begani.

"Fayawoli ndiyo inazuia, mzee! Imepangwa hivyo. Inaruhusu daftari la wagonjwa tu, kwenye kifaa cha nesi. Hebu tazama!"

Akawasha kishikwambi. Lugembe akainama juu yake, na nyuma yake Eustadia na wengine wakasukumana kutaka kuona. Ukurasa ulifunguka haraka, safi kabisa: orodha ya kliniki ya Jumatatu, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Jina la kwanza lilikuwa la Lugembe, mwaka wa tatu kwenye dawa. Mkewe hakuwemo kwenye orodha.

Benjamini aliusikia mwili wa kamanda ukiganda karibu yake. Kichwa cha Eustadia kilikuwa kinapenya chini ya kwapa la mumewe. Fundi hakufikiri. Miaka sita ya kazi za zahanati alikuwa chini ya kiapo cha kulinda siri za watu wasiomjua, na mkono ulitangulia akili: alikibamiza kishikwambi kwenye kona ya saruji, kioo kikasambaratika, kikazima.

"Kaona kimekataa, kakivunja!" akapiga kelele kijana wa nyuma.

"Mzee, wewe umeona," Benjamini alisema haraka. "Waambie kimefunguka. Sema hilo moja tu."

Eustadia alimgeukia mumewe. "Umeona nini, baba Levina?"

Lugembe alikitazama kishikwambi kilichovunjika. Akisema kimefunguka, swali la pili litakuwa kimefungukia wapi, na anayeuliza ni huyuhuyu mama watoto. Alimtazama fundi kwa chuki ya mtu aliyetendewa wema asioweza kuulipa.

"Kilikuwa cheusi tu," alisema. "Sikuona kitu."

Kisha akanyanyua rungu lake, akalenga mdomo.