Alama ya Theopista

Kule Kishapu alikozaliwa Maige, alama ilikuwa sikio la ng'ombe. Baba yake alikata pembe ndogo kwenye sikio la kushoto, upande wa chini, na mnyama huyo hata angepotelea mbali kiasi gani, angerudishwa, maana kila mchungaji aliyeliona sikio lile alijua ni la akina nani. Maige alikua na alama hiyo moja tu na ikamtosha. Shule alikwenda miaka miwili. Wa tatu akapewa ndama achunge, na habari za shule zikaishia hapo.

Alama nyingine aliletewa na mkewe. Theopista alikuwa binti wa Kikatoliki kutoka Ushirombo, amemaliza darasa la saba, na walipohamia upande wa Geita kutafuta shamba la pamba alisema hataishi na mwanamume asiyeweza kuandika jina lake. Jioni, maji ya ugali yakiwa jikoni, alimchorea herufi kwa mkaa nyuma ya mlango. Maige alinakili, mkewe akasahihisha na kumpa alama. Nne kwa kumi. Sita kwa kumi, siku aliyoamka vizuri. Maige akilalamika kwamba amepunjwa, alijibiwa kwamba M yake ina miguu ya mbuzi aliyekunywa pombe. Mpaka leo akiiandika M hucheka kidogo peke yake, halafu kicheko kinamkaukia.

Kisha dhahabu ikapamba moto, na neno lile likachukuliwa na kila mtu. Wachimbaji wakiokota jiwe jeupe lenye kutu wanaambiana, hapa kuna alama, na mahali pale hapalimwi tena. Wapima wakaja na vigingi vyao, wakasema hizi ni alama za serikali, ole wake atakayeng'oa. Mwisho wakaja watu wa mgodi na makopo ya rangi nyekundu. Kitongoji kizima kilitakiwa kihame, na kila kilichosimama kikapigwa alama: nyumba, zizi, mpapai, hata choo. Maige aliwauliza kama na nzi wa chooni watahesabiwa. Mwenyekiti wa kitongoji alicheka peke yake, akiwa amevaa kofia aliyopewa na mgodi.

Kaburi la Theopista walilipiga K14.

Hilo ndilo lililobaki. Nyumba ilikwishabomolewa, naye akapewa nyingine ya bati jipya huko juu, nyumba inayonguruma kwa joto mchana kutwa. Lakini aliapa hatalala humo kwa amani mpaka mkewe ahamishiwe makaburi mapya. Siku ya kuhamisha ilikuwa Ijumaa, na ndiyo ya mwisho. Jumatatu magari makubwa yangeanza kumwaga kifusi cha mawe mahali pale, kilima kizima, na aliyebaki chini angebaki milele.

Ijumaa hiyo saa moja asubuhi walikuwa watu wanne kaburini. Alikuwepo Maige. Alikuwepo Nestory, kaka yake Theopista, mfanyabiashara wa dagaa wa Nkome, aliyefika kwa pikipiki huku akinukia ziwa. Alikuwepo Evelina, afisa wa kuhamisha makaburi, binti wa mjini aliyevaa buti na kubeba faili. Na alikuwepo Frank, mchimbaji mwenye mabega kama mlango, aliyekodiwa kwa kazi ya jembe na mtaimbo. Limi, binti pekee wa marehemu, ameolewa Kagongwa na alikuwa amejifungua juzi, hakuweza kuja.

Evelina alimsalimia mzee kwa Kisukuma, mwangaluka baba, ili kumfurahisha. Maige akajibu marahaba, kavu, kama mtu aliyeamkiwa shikamoo na mtoto mwenye deni. Alikuwa na mengi ya kumwambia na aliyasema yote, kwamba zahanati ingekuwa na dawa mwaka ule aliougua mkewe asingekuwa na kaburi la kuhamisha, kwamba barabara ilipatikana mawe ya thamani yalipoonekana, wagonjwa walikuwepo siku zote na hawakuonekana, kwamba wakubwa wanapiga alama kila kitu isipokuwa makosa yao. Evelina alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama waanze.

Frank alivunja zege. Zege lile Maige alilimwaga kwa mikono yake miaka kumi iliyopita, akachora msalaba na jina kwa msumari, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa. Kila Jumapili alifagia hapo na kukaa. Alimpa mkewe habari: Limi amepata mchumba, pamba imeliwa na funza, mwenyekiti amenunua pikipiki na tunajua alikoipata. Hakuna mtu duniani aliyejua siri zake kama ardhi ile.

Jembe lilishuka. Magoti, kiuno, kifua. Frank akaanza kutupa juu mawe badala ya udongo, mawe meupe yenye kutu, yamevunjwavunjwa. Akasimama, akalichukua moja, akaliramba kama wafanyavyo wachimbaji, akaligeuza juani. Kisha akasema jambo ambalo lilionekana kumtia aibu.

"Mzee, hapa hajazikwa mtu. Hili ni shimo la majaribio. Wamechimba, wamekosa, wamefukia."

Maige alimwambia aendelee kuchimba. Frank akaendelea, kwa heshima tu, mpaka mtaimbo ukagonga mwamba ambao haujawahi kuguswa tangu dunia iumbwe. Hakukuwa na ubao, kitambaa wala mfupa.

Mzee alitafuta wa kumtukana, na hakukosa. Walioleta majaribio hawakuomba ruhusa. Waliofukia hawakuweka hata kijiti. Mwenyekiti aliwakaribisha. Serikali ililala. Alikuwa akizunguka shimo, fimbo ikichora hewani, sauti ikipanda, hadi Nestory, ambaye tangu asubuhi alikuwa analitazama zege lile kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, alipomshika mkono.

"Shemeji. Mimi nilikuonyesha."

Maige akashusha fimbo.

Nestory alieleza polepole. Theopista alifariki ghafla, homa ya siku tatu, wakati Maige yuko porini anafuata nyayo za ng'ombe walioibwa. Simu haikupatikana. Wakamzika bila yeye. Maige aliporudi, wiki mbili baadaye, Nestory alimpeleka shambani na kumwonyesha kwa kidole, kilima kile pale, chenye msalaba wa mti. Lakini Maige hakuwa anaangalia. Alikuwa anapiga kelele kuhusu zahanati, kuhusu diwani, kuhusu polisi wa mifugo, alikuwa amempa mgongo. Nestory akarudi Nkome kwenye dagaa zake. Mchwa wakala msalaba, mvua ikalaza kilima, watu wa majaribio wakapita na kuacha vilima vyao. Na Maige alipopata saruji alikwenda kwenye kilima kilichokuwa kimesimama.

"Asubuhi nilipoona zege nikadhani mimi ndiye niliyesahau," alisema Nestory. "Limeandikwa jina. Nani abishane na jina?"

Ilikuwa kweli, na Maige alijua kwamba ni kweli namna mtu anavyojua kwamba kiatu alichovaa si chake. Miaka kumi ya Jumapili. Alikuwa ameliambia shimo la watu waliokosa dhahabu habari za ndoa ya binti yake. Aliyakalia mawe yaliyochimbuliwa, akanyoosha miguu.

Evelina alitazama faili, akatazama saa. Kwa utaratibu angeandika K14 haina kitu na kufunga. Hakuandika. Alimuuliza Nestory anakumbuka nini. Nestory alikumbuka ukingo wa pamba, na njia ya kwenda kisimani, lakini pamba haikuwepo tena na njia zilikuwa tatu.

Basi Frank akachukua mtaimbo. Alisema ardhi iliyochimbwa haisahau. Juu majani yataota sawasawa, ila chini udongo ulioguswa unabaki laini, na chuma kinajua. Kwenye maduara, machimbo ya wachimbaji wadogo, ndivyo wanavyotafuta mashimo ya zamani ili wasije wakatumbukia. Akaanza kutembea kwa hatua ndogo, anadunda, anasikiliza. Dunda, kavu. Dunda, kavu. Watu watatu walimfuata nyuma kimya kama wako kwenye maandamano ya Mwili wa Kristo. Jua lilikuwa kali tayari. Hatua kumi na moja kutoka kwenye zege, katikati ya njia ya kisimani, njia ambayo Maige aliikanyaga kila siku na ndoo yake, mtaimbo ulizama hadi nusu.

Frank alichimba kwa jembe, baadaye kwa mikono. Alipofikia mifupa alivua kofia.

Evelina alichuchumaa ukingoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kaburi hili halina namba wala jina, na fomu inataka ndugu aseme anamtambuaje marehemu. Alikuwa tayari kuandika chochote, ilionekana hivyo. Lakini Maige alikwisha kupata jibu.

"Mguu wa kushoto. Chini ya goti."

Akawasimulia. Mwaka wa kwanza wa ndoa Theopista alidondoka kutoka kwenye lori la pamba, mfupa ukavunjika. Hospitali ilikuwa siku nzima kwa mkokoteni. Maige hakujua kutibu watu, alijua kutibu ndama. Akaunyoosha mguu, akaufunga kwa vijiti na ukanda wa ngozi mbichi, akamkataza kusimama siku arobaini. Alimpikia ugali yeye mwenyewe, ugali wenye madonge, na mkewe akaula akicheka. Mfupa ulishika, ila uliacha kinundu. Kila masika Theopista alikisugua kwa mafuta ya samli na kuwaambia majirani kwamba ameolewa na daktari wa mifugo, na kwamba akizaa wasishangae mtoto akilia kama ndama.

Frank aliinama. Alichelewa kidogo kuinuka.

"Kinundu kipo, baba," alisema.

Evelina aliandika. Maige hakumtazama anachoandika, na hakuuliza ni fomu gani. Walitandaza shuka jeupe, sanduku likasogezwa, na Frank akaomba nusu saa afanye kazi yake taratibu bila kuharakishwa na mtu. Maige akasogea pembeni kwenye kivuli chembamba cha gari la mgodi, akakaa chini. Nestory akabaki amesimama.

Mdomoni mwa mzee yule lilikuwepo neno kuhusu gari lenyewe, zuri vile, na mwaka ule halikuwepo. Alilimeza. Akapangusa vumbi mahali pa kukaa mtu wa pili.

"Shemeji," alisema, "sijawahi kukuuliza mlimzikaje."

Nestory akakaa. Alifikiri aanzie wapi. Akaanza na mvua, kwamba ilinyesha tangu alfajiri na hapakuwa na mtu wa kuchimba, mpaka vijana wa duara la jirani, ambao hawakumjua marehemu hata jina, wakaacha kazi yao na kuja na taa zao kichwani. Maige aliinamisha kichwa upande wa sikio linalosikia vizuri, na hakumkatiza.