Injini ya Marehemu Hamdi

Jumatatu moja asubuhi, baada ya kumaliza sahani ya ful, maharage ya Kimisri, na vitunguu vibichi, Usta Sidhum, fundi wa magari, alijifuta mikono kwa gazeti la jana, akainamia injini ya Pijo 504 ya Raghib, akatikisa kichwa.

"Bodi umenyoosha, rangi umepiga, viti umeshona upya. Kazi safi, baba Karima, sikatai," alisema. "Lakini bloku imepasuka. Umempamba bibi harusi na ndani ni maiti."

"Injini nyingine ninayo," Raghib akasema. "Ya Hamdi. Dada yake kaniuzia."

Usta Sidhum alimtazama kidogo, kisha akaagiza chai. Mji mzima wa Mahalla ulilijua gari la marehemu Hamdi, Pijo nyeupe ya aina ile ile, iliyokuwa ikiwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo hata asubuhi za baridi kali, huku Raghib akisukumwa na wapita njia. Hamdi alifariki majira ya baridi yaliyopita, hana mke hana mtoto, na gari lake likauzwa vipande vipande. Mafundi wawili walimwambia Raghib kwamba zipo injini kuukuu zilizoletwa kutoka Ulaya, hazijatembea sana, achague. Hakutaka kusikia. Roho iling'ang'ania ile ile. Jamani, wivu gani huu! Mtu amekwisha kuzikwa, nawe bado unamwonea kijicho kwa injini.

Na ingekuwa injini tu, si kitu. Mwaka themanini na tatu Hamdi alikwenda Iraq kutafuta cha kuanzia maisha, kama vijana wengi wa rika lake. Alimwacha mchumba wake Ihsan amekwisha kusomewa Fatiha, na dhahabu ya uchumba mkononi. Wafanyakazi wa huko siku zile hawakuhangaika na barua. Walizungumza kwenye kanda za kaseti na kuwapa wenzao waliokuwa wakirudi nyumbani. Kwa kina Ihsan hapakuwa na redio ya kaseti. Raghib, rafiki wa Hamdi wa kufa na kuzikana, alikuwa nayo, kwa hiyo kanda zilipitia kwake. Zilikuwa kumi na moja. Raghib alizisikiliza zote, akazichomoa utepe, akazichoma moto kando ya mfereji. Kisha akaenda kwa baba yake Ihsan, akamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba Hamdi kaoa Basra. Dhahabu ikarudishwa. Baada ya miezi saba Fatiha ikasomwa tena, mara hii ya Raghib.

Hamdi aliporudi hakuuliza neno. Alidhani kanda zilifika, na ndoa ile ndiyo jibu la Ihsan. Kila Ijumaa alimpa Raghib mkono msikitini na kumuuliza hali ya watoto. Husemwa siku za mwizi ni arobaini, lakini Raghib alikwisha kula miaka ishirini na sita, na hakuna aliyemgusa.

Usta Sidhum akaanza kazi. Silinda zilipelekwa kwa fundi wa kerezo, ringi zikanunuliwa mpya, valvu zikasagwa, gaskiti zote zikatupwa. Raghib aliviosha vyuma kwa mikono yake ndani ya beseni la mafuta ya taa, na kila alipoosha alitafuta kasoro, angalau moja, moyo wake utulie. Hakuipata. Hamdi alikuwa akibadilisha oili kwa wakati.

Sasa, kazi ya namna hii, ya kufumua injini mpaka skrubu ya mwisho na kuifunga upya, mafundi wa Misri huiita amra. Ukiiandika kwa Kiarabu haitofautiani na Umra ya Makka hata kwa herufi moja. Raghib, asije akasahau, alibandika karatasi kwenye friji: "Amra kamili, Alhamisi baada ya adhuhuri, inshallah." Mkewe Ihsan alikuwa akimsihi kuhusu Umra mwaka wa kumi huo. Aliisoma karatasi mara tatu, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akalia kwa furaha. Kabla ya Alasiri, Inshirah, jirani wa ghorofa ya juu, alikuwa akipiga vigelegele ngazini.

Alhamisi injini ilikuwa imekwisha kuteremshwa mahali pake na kufungwa. Raghib alikuwa ameketi nyuma ya usukani, mkono kwenye ufunguo, ndipo Ihsan, aliyechoka kumngoja nyumbani, alipoingia gerejini amevaa nguo nyeupe tupu, Inshirah nyuma yake amebeba kifurushi cha tende za safari.

"Haya, tumefika," Ihsan akasema. "Pasipoti unampa nani?"

"Pasipoti ya nani tena, mama Karima?" Usta Sidhum akauliza. "Anayefanya amra hapa ni injini."

Inshirah alicheka mpaka akakalia tairi. Ihsan hakucheka. Alisimama katikati ya madoa ya oili na weupe wake ule, akimtazama mumewe, na Raghib akazungusha ufunguo.

Injini iliwaka kwa mguso mmoja. Ikakohoa kidogo, kisha ikasema kwa sauti ya Hamdi, sauti ya ujanani, imekwaruzwa na vumbi: "Ihsan. Asalaam alaykum. Hapa Basra joto si mchezo, lakini sisi wazima, alhamdulillahi."

Usta Sidhum alitega sikio. "Tapeti zimebana," alisema. Akachukua spana, akalegeza hapa, akakaza pale, na maneno yakatoka wazi zaidi. "Sasa safi."

"Huyo Hamdi," Inshirah akasema. "Alikuwa na sauti nzuri, Mungu amrehemu."

Injini ikaendelea. Ilieleza kwamba wanalala wanaume watano chumba kimoja, kwamba mmoja anakoroma, kwamba amekwisha kununua blanketi la watu wawili, rangi ya zambarau, na wenzake wanamtania kwa sababu halali nalo, amelifunga kwa kamba mpaka siku ya harusi.

"Kumbe," Inshirah akasema, akihesabu kwa vidole. "Si tuliambiwa kaoa huko? Mwenye mke analala na wanaume wanne?"

Raghib akazima gari. "Usta, ifungue tena. Haiko sawa."

"Niifungue kwa lipi? Haivuji, haitoi moshi, haigongi." Usta Sidhum alianza kupanga spana zake. "Ninyi Waislamu wenyewe mnasema anayerudi Umra hurudi msafi. Iacheni imalize kusema."

Ihsan alifungua mlango wa mbele, akaketi, akajifunika mapaja kwa upindo wa vazi lake jeupe. "Nirudishe nyumbani," alisema. "Kwa gari."

Tangu siku hiyo, kila baada ya Alasiri, aliteremka na mbegu za alizeti ndani ya karatasi, akaingia garini na kusema, "Washa." Kila safari ilikuwa kanda moja. Ikifika katikati, injini ilisema, "Ngoja nigeuze upande," ikanyamaza muda wa kuvuta pumzi, kisha ikaendelea. Askari wa trafiki aliwasimamisha mara moja karibu na kiwanda cha nguo, akasikiliza, akasema sailensa haina tatizo, akawaruhusu.

Raghib aliendesha na kumwangalia mkewe kwa pembeni. Miaka ishirini na sita alimletea nyama kila Alhamisi, hakumpiga wala hakumtukana, na uso ule hakuwahi kuuona. Ulikuwa umelainika, umetulia, wa msichana anayengoja kuitwa. Roho ilimuuma mpaka akawa hali chakula cha jioni. Mara mbili aliapa kutoliwasha gari, na mara mbili akaliwasha, kwa sababu akikataa angeulizwa kwa nini. Tena, aibu juu ya aibu, alitaka kuuona uso ule hata kama si yeye aliyeuleta.

Alibadilisha sailensa. Akajaza pamba chini ya boneti. Hamdi alisikika vile vile. Kwenye kanda ya sita Hamdi aliimba, vibaya kama zamani, na Ihsan akacheka kwa sauti, mkono mdomoni. Raghib akawasha redio mpaka mwisho.

"Zima hiyo redio, baba Karima. Unatusumbua."

Unatusumbua! Yeye na nani? Raghib aliizima.

Kilichomnyima usingizi zaidi ni kanda ya kumi na moja. Aliijua kwa moyo. Kanda nyingine zote zilikuwa mapenzi tu, na mapenzi ya maiti mtu anaweza kuyavumilia. Ile ya mwisho ilikuwa na jina lake.

Siku ilipofika alisema betri imekufa. Ihsan alikwenda kwa miguu hadi gerejini, akarudi na Usta Sidhum na betri nyingine. Mume na mke wakaondoka. Walipofika kwenye kivuko cha reli geti lilikuwa linateremka, wakasimama nyuma ya mkokoteni wa machungwa, injini ikizungumza polepole.

"Ihsan, sijapata jibu lako hata moja. Labda umenikasirikia. Labda mzee amekukataza. Mimi sina wasiwasi, maana kanda zote zinapitia kwa—"

Raghib akazima gari.

"Mbona umezima?"

"Treni bado. Tunaunguza petroli bure."

Ihsan alibangua mbegu moja, akatema ganda nje ya dirisha. "Hii ni kanda ya ngapi?"

"Ya kumi na moja," Raghib akasema. "Ya mwisho."

Neno lilikwisha kutoka. Kumi na moja, mtu aliyekaa garini siku zote hizo angeweza kuhesabu. Ihsan mwenyewe alikuwa amehesabu. Lakini kwamba ni ya mwisho, injini ilikuwa haijasema. Treni ilipita, behewa kwa behewa, na mwenye machungwa akamshika punda wake hatamu. Ihsan alikunja karatasi ya mbegu, akaikunja tena, akaiweka mapajani.

"Ya mwisho," alisema.

Geti likainuka. Madereva wa nyuma wakaanza kupiga honi na kuuliza kama kuna mtu amefariki humo ndani.

"Washa."

Akawasha. Injini iliitika papo hapo na kuendelea pale ilipokatizwa: "Raghib, na Raghib ni ndugu yangu, hawezi kunidanganya. Ukibanwa na lolote mwendee yeye. Nimekukabidhi kwake."

Raghib alishika usukani kwa mikono miwili, akangoja. Alingoja kofi, alingoja kilio, alingoja aambiwe ateremke. Ihsan aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Kanyaga mafuta kidogo," alisema. "Hasikiki vizuri."

Raghib akakanyaga.