Sentensi Moja Katika Ripoti ya Kemambo

Dorah Aloo aliusoma ukurasa wa tisa mara tatu, na kila mara sentensi ilikuwa palepale: "Wananchi wa bondeni walikaidi tangazo la kuhama." Sentensi yenyewe ilikuwa yake. Aliiandika miaka miwili nyuma, katika ripoti ya mafuriko ya Mto Mara upande wa Kemambo, akiwa na matope hadi magotini na hajalala siku mbili. Sasa Erasto Machage, katibu wa chama chao, alikuwa ameichukua, akaipigia mstari wa bluu, na kujenga juu yake mpango mkakati wa miaka mitano.

Walikuwa wamekutana Nyamwaga, katika ukumbi wa kanisa, watu thelathini na wanne wa Chama cha Waratibu wa Maafa wa Tarime na Serengeti. Hakikuwa chama kikubwa. Walikuwamo manesi, walimu, wazimamoto wastaafu, mtaalamu mmoja wa mifugo, na Dorah mwenyewe, nesi wa zahanati ya kijiji huko Kemambo. Kwao ni Sirari, na nusu ya ndugu zake wako ng'ambo, Kenya. Kijaluo alikinyonya kwa mama yake, Kiswahili alikipata shuleni, na Kikurya chake kilitosha kusalimia na kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Siku ya kwanza yote iliishia kwenye dira. Saa mbili nzima walibishana kama waandike "jamii inayohimili maafa" au "jamii inayostahimili maafa," na hakuna aliyeona kuwa wanapoteza muda. Dorah alizipenda siku za namna hiyo. Mwaka mzima wanakutana kwenye nyumba iliyoungua na daraja lililobebwa na maji. Hapa walikaa kwenye viti, wakanywa chai yenye maziwa mengi, wakagombania neno.

Siku ya pili asubuhi Erasto alisimama. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu makini ambaye likizo yake yote aliimalizia kwenye ule mpango wa kurasa arobaini na sita. Nguzo ya kwanza aliiita "Kubadili Wananchi Wakaidi." Kutakuwa na semina, kutakuwa na mabango, na vijiji vitaombwa vitunge sheria ndogo za kuwabana wanaokataa kuhama. Ushahidi wake ulikuwa ukurasa wa tisa. Alimtaja Dorah kwa jina, akasema ripoti yake ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kuandikwa na chama, na watu wakapiga makofi.

Makofi yale ndiyo yaliyomshinda Dorah.

Kwa sababu miezi minne baada ya maji kupungua, bibi mmoja alikuja zahanati kusafishwa kidonda cha mguu. Jina lake Robi Nyangwine. Mafuriko yalimkuta nyumbani, akakaa siku moja na nusu juu ya ghala la mahindi pamoja na mbuzi watatu, huku ng'ombe wake saba wakienda na maji. Dorah alimuuliza, kupitia kwa binti aliyemsindikiza, kwa nini hakuhama wakati yeye Dorah alipita na tangazo mlangoni kwake, kwa pikipiki na kipaza sauti. Bibi alicheka. Kipaza sauti alikisikia vizuri, alisema, ila alidhani ni yule muuza dawa ya panya, ambaye hupita na pikipiki kila Alhamisi. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Maneno ya tangazo lile, "maeneo hatarishi," hakuwahi kuyasikia maishani mwake.

Dorah alifunga kile kidonda vizuri, akamwandikia siku ya kurudi, na hakumwambia mtu yeyote.

Sasa alinyoosha mkono. Mwenyekiti, mzee Felix Nyamhanga wa Busawe, mzimamoto mstaafu, akampa nafasi, akidhani anataka kushukuru.

"Ile sentensi ya ukurasa wa tisa si kweli," Dorah alisema. "Niliiandika mimi, na si kweli. Watu hawakukaidi. Hawakunielewa."

Alieleza yote: pikipiki, kipaza sauti, dawa ya panya, Bibi Robi juu ya ghala. Alipomaliza, Erasto aliweka kalamu mezani taratibu.

"Januari nilipokuomba ripoti," aliuliza, "ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na ukanipa."

"Nikakupa."

Dorah alisikia majani ya migomba yakipigwa na upepo nje ya dirisha, akatamani kuwa huko. Aliyefuata kusema ni mzee Felix. Alivua miwani, akasema kwamba naye ana lake, na halimo katika ripoti yoyote. Mwaka fulani moto ulizuka kwenye maghala ya pamba, akapuliza king'ora ili watu wakimbie. Watu wakakimbia kweli, ila walikuja kule kule kwenye king'ora kuangalia kuna nini. Katika ripoti aliandika kwamba umati ulikosa nidhamu. Hakuna aliyewahi kuwaambia ile sauti maana yake nini.

Baada ya hapo ilikuwa kama mlango umefunguliwa. Nesi mmoja akasimama na lake, mtaalamu wa mifugo akafuata. Lilian, aliyekuwa anaandika kwenye bango kitita, alijaza karatasi nne, na juu ya karatasi ya kwanza akaandika: "Mambo tuliyowasingizia wananchi." Watu walicheka, lakini hakuna aliyesema ifutwe.

Chakula cha mchana kilipotoka, ugali wa muhogo na maziwa ya mgando, Erasto hakwenda kula. Dorah alimpakulia, akampelekea alipokaa mbele ya kompyuta yake.

"Kurasa kumi na nne zimekufa," Erasto alisema bila kugeuka.

"Nisamehe, mwalimu."

"Za kurasa nimeshasamehe. Ya Januari naomba siku mbili tatu."

Alikula. Kisha akauliza swali ambalo, Dorah alikiri baadaye, yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza: kama Bibi Robi angeelewa kila neno, je, angehama? Dorah alisema hajui. Erasto alifuta mikono, akafunga kompyuta. Basi waende wakamuulize, alisema, kabla hawajaandika tena hata mstari mmoja.

Walikwenda wiki iliyofuata. Bibi Robi aliwapokea uani, wakampa shikamoo, akawakalisha kwenye vigoda. Erasto, ambaye ni Mkurya, alimsomea tangazo la kuhamia shuleni alilolitafsiri mwenyewe, kwa madaha kama anasoma darasani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema ameelewa kila kitu, na asingehama.

Erasto alimtafsiria Dorah maneno yake moja baada ya lingine. "Anasema tangazo letu linamwambia mtu atoke. Ng'ombe aende wapi, halisemi. Anasema hakuna mwenye akili atakayeacha ng'ombe kwenye maji akakae shuleni kunywa uji."

"Muulize yeye angetangaza vipi."

Bibi hakufikiri hata kidogo. Angeanza na ng'ombe, alisema. Angetaja kilima, angetaja zizi la nani limefunguliwa, angetaja njia isiyo na utelezi. Watu wangefuata nyuma bila kuambiwa. Dorah alitoa simu, akamwomba alitangaze hivyo hivyo, na Bibi akatangaza, ameinua kidevu, kama anayeita watu wa ng'ambo ya bonde.

Mpango uliopitishwa ulikuwa na kurasa thelathini na moja. Nguzo ya kwanza ilikuwa tahadhari katika lugha ya wenye bonde, na ya pili mazizi ya dharura kwenye miinuko. Ukurasa wa tisa wa ripoti ya Kemambo nao ulipata sentensi mpya, "Tangazo letu halikueleweka bondeni, wala halikusema ng'ombe waende wapi," na Erasto alimtaka Dorah aiandike kwa mkono wake kabla haijachapwa.

Jumamosi moja ya Februari iliyofuata, mvua kubwa zikiwa bado, walifanya jaribio Kemambo. Sauti ya Bibi Robi ilitoka kwenye kipaza sauti, ikapita mashamba ya mahindi mpaka mtoni. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha zizi la kwanza likafunguliwa, na la pili, na ng'ombe wakaanza kupanda kilimani kwa mstari mrefu, wanawake na ndoo nyuma yao. Erasto alisimama juu na saa yake. Ng'ombe wa mwisho alipofika, dakika ya hamsini na mbili, aliandika namba kwenye daftari, akaizungushia duara, akampa Dorah aione.

Mzee Felix, ambaye alikuja na wenzake wa Busawe, alitaka kujua kama Kiikoma, lugha ya upande wa Serengeti, nacho kitaingia kwenye matangazo mwaka huu au mpaka mwaka wa pili wa mpango. Erasto akasema mwaka huu, mradi apatiwe mama mwenye sauti.

Bibi Robi alifika juu akiwa wa mwisho, fimbo mkononi, anahema. Hakuangalia ng'ombe wala watu. Alimfuata Dorah moja kwa moja, akamwambia kwa Kiswahili, polepole, kwamba sauti ile imetoka kama ya mzee, na yeye anataka kurudia.

Dorah akaitoa simu.